Mizani ya Nyumba ya Kamari

Neno la mwezi: Mithali 11:1

Neno tulilolichagua mwezi huu ni fupi, na kila mtoto wa darasa la kipaimara aweza kulikariri. Mwenye hekima atufundisha ya kuwa mizani yenye hila humchukiza Bwana, bali kipimo kilicho cha kweli humpendeza. Hasemi kwamba mizani ile humchukiza mnunuzi, ingawa humchukiza. Wala hasemi kwamba huleta hasara sokoni, ingawa huileta. Asema kwamba Bwana mwenyewe huichukia. Basi jambo la vipimo si jambo la wafanya biashara peke yao, bali ni jambo la ibada.

Watu wa Nyashimo na wa Busega yote hawahitaji mwalimu wa kuwaeleza mizani ni kitu gani. Sisi ni watu wa pamba, na wa dagaa wa Ziwa, na kila mwaka jasho letu hutundikwa juu ya mizani. Wazee wetu walijua uchungu wa kupeleka pamba mnadani na kuambiwa uzito usio wake. Kabla ya 1955 malalamiko hayo yalienea katika Usukuma, hata wakulima wakaweka watu wao wenyewe kusimama kando ya mnunuzi na kuangalia mizani. Katika malalamiko hayo vikakua vyama vya ushirika, na mwaka 1955 vikaungana kuwa shirikisho moja la Victoria, ambalo Paul Bomani alikuwa kiongozi wake mashuhuri. Watu wale hawakuomba zawadi wala upendeleo. Waliomba kipimo cha kweli.

Sasa twauliza: wajukuu wa watu wale, waliokataa kuibiwa ratili moja ya pamba, mbona leo wachukua fedha ya pamba ile ile na kuipeleka kwa hiari yao penye mizani iliyoinama? Maana kamari imetufikia. Zamani mtu aliyetaka kucheza karata kwa fedha penye meza ya nyumba ya kamari ilimpasa asafiri mpaka mji mkubwa kama Dar es Salaam. Leo meza ile imo katika simu, na simu imo mfukoni mwa kijana avuaye dagaa na ya kijana apaliliaye pamba. Serikali imeweka sheria juu ya michezo hii tangu 2003, na Bodi ya Michezo ya Kubahatisha ya kuisimamia, na wasiotimiza miaka 18 wamekatazwa kucheza. Twaishukuru serikali kwa ulinzi huo. Lakini jambo laweza kuruhusiwa na sheria ya nchi, lisiwe jema kwa Mkristo. Kwa hiyo yatupasa kuitazama mizani hii kwa makini, kama wazee walivyoitazama ile ya pamba.

Wengi hudhani kwamba nyumba ya kamari hupata faida kwa sababu hudanganya. Husema, "Karata zimepangwa," au, "Mashine imefungwa." Pengine ni hivyo mahali penye wezi. Lakini twataka mjue jambo zito zaidi: nyumba ya kamari haina haja ya kudanganya. Yaweza kugawa karata kwa haki mbele ya macho ya wote, na bado ikachukua mali ya wachezaji, kwa kuwa hila haimo mkononi mwa mgawaji, bali imo ndani ya kanuni za mchezo.

Tuutwae ule mchezo wa karata uitwao ishirini na moja. Mchezaji hupewa karata mbili, na mgawaji wa nyumba naye hujipa mbili. Kila mmoja hujaribu kuikaribia hesabu ya 21 bila kuivuka, avukaye ameshindwa. Mgawaji hana la kuchagua: yampasa kuongeza karata mpaka afike 17. Mchezaji yu huru kuongeza au kuacha. Kwa kuutazama, mtu husema, "Huu ni mchezo wa haki, na tena mimi nina uhuru ambao mgawaji hana."

Lakini angalieni ni nani atangulie. Mchezaji hutangulia kuchukua karata zake. Akivuka 21, fedha yake huondolewa mezani papo hapo. Kisha mgawaji huchukua zake, na yeye naye akivuka, mchezaji yule harudishiwi kitu, maana amekwisha kuondoka. Wote wawili wameanguka shimo moja, lakini mmoja tu amelipa. Hapo ndipo mizani ilipoinama.

Tuihesabu. Tuseme mchezaji afuata kanuni ile ile ya mgawaji, aongeze karata mpaka 17. Kila mmoja wao atavuka 21 yapata mara 28 katika kila mara 100. Basi mara ambazo wote wawili wangevuka ni yapata 8 katika 100. Kama mizani ingekuwa sawa, mara hizo 8 zingekuwa sare; lakini nyumba huzichukua zote. Ni kweli nyumba hurudisha kidogo: kwa desturi mchezaji apataye 21 kwa karata zake mbili za kwanza hulipwa dau lake na nusu yake tena, na hilo humrudishia yapata 2 na kidogo katika 100. Toa hizo katika 8, zabaki kati ya 5 na 6. Katika kila shilingi 100 ziwekwazo mezani, nyumba hubaki na shilingi 5 na zaidi, pasipo wizi wowote ambao askari angeweza kuukamata.

Mtu atajibu, "Huyo amecheza kijinga. Mwenye akili hushinda." Neno hili nalo tulipime. Mwaka 1956 askari wanne wa Marekani, majina yao Baldwin, Cantey, Maisel na McDermott, walitoa hesabu waliyoifanya kwa mashine za kuhesabia za mezani, kutafuta njia iliyo bora kabisa ya kucheza mchezo huu. Wakaonyesha lini inafaa kuongeza karata, lini kuacha, na lini kuzidisha dau. Na hata kwa njia ile bora, hesabu yao ilionyesha mchezaji akipungukiwa, ingawa kwa sehemu iliyo chini ya 1 katika 100. Leo, penye kanuni nzuri, hufikiri kuwa ni yapata nusu shilingi katika kila shilingi 100. Basi akili nyingi, na kukariri kwingi, na kutokukosea hata mara moja, thawabu yake ni nini? Ni kupoteza polepole badala ya kupoteza upesi. Na meza nyingine humlipa mwenye 21 ya kwanza 6 kwa 5 badala ya 3 kwa 2. Badiliko hilo dogo humwongezea mchezaji hasara ya zaidi ya shilingi 1 katika kila 100, wala wengi hawalioni.

Tena mwaka 1962 mwalimu mmoja wa hesabu, Edward Thorp, alitoa kitabu akionyesha kwamba mtu akizikumbuka karata zilizokwisha kutoka, aweza kuishinda nyumba. Naye alisema kweli. Lakini nyumba zilifanyaje? Ziliongeza karata ziwe kasha nyingi pamoja ili zisihesabike, na yule aliyejulikana kuwa ahesabu aliombwa aondoke. Na katika mchezo wa simu, ambapo karata huweza kuchanganywa upya kila mara, kumbukumbu haina kazi. Jifunzeni neno hapa, ndugu: nyumba ya kamari humkaribisha kila mtu, ila yule awezaye kushinda.

Labda mwingine atasema, "Shilingi 2 katika 100, au 5, ni kitu gani? Hata dukani muuza sukari hupata faida." Yafaa tujibu mambo mawili. La kwanza, muuza sukari amekupa sukari. Amesafiri, amebeba, amepima, nawe umekwenda nyumbani na kitu cha kuwanywesha watoto chai. La pili, sehemu ile ndogo haikatwi mara moja juu ya fedha uliyokuja nayo, bali hukatwa kila mara uwekapo dau. Tuseme mtu amekuja na shilingi 10,000. Aweka 2,000 kila duru, na kwa saa moja hucheza duru 60. Fedha yake yaenda na kurudi, yaenda na kurudi, hata kwa saa ile ameweka mezani jumla ya shilingi 120,000. Ikiwa nyumba hubaki na 2 katika 100, saa ile kwa wastani imempotezea 2,400. Kwa saa nne ni 9,600. Ile sehemu aliyoiita ndogo imekula karibu yote. Wahenga walisema, chovya chovya humaliza buyu la asali.

Na hata kama mizani ingekuwa sawa kabisa, maskini angeingia mchezoni akiwa ameshindwa nusu. Mtu mwenye sarafu 10 akicheza na nyumba yenye sarafu 1,000, sarafu kwa sarafu, mpaka mmoja afilisike, mara 100 katika 101 atakayefilisika ni yeye. Nyumba huweza kungoja siku mbaya ipite. Mwenye sarafu 10 hawezi kungoja.

Vijana wengi watasema, "Sisi hatuchezi karata, sisi twabeti mipira." Ndugu, jina limebadilika, mizani ni ile ile. Tuseme katika kila mchezo wa mpira nyumba imejiwekea 5 katika 100. Kijana hatabiri mchezo mmoja; hupanga kumi pamoja katika mkeka mmoja, maana aonyeshwa fedha nyingi. Lakini kila mchezo autiao katika mkeka wakata tena sehemu ya nyumba juu ya ile iliyobaki. Kwa michezo kumi, katika kila shilingi 100 wachezazo watu wa namna ile, zitarudi kwao yapata 60 tu, na 40 zitabaki na nyumba. Ni mnunuzi gani wa pamba angethubutu kukata kilo 40 katika 100 mbele ya watu wa Nyashimo? Angefukuzwa mnadani siku ile ile.

Basi mbona watu huendelea? Kwa sababu ashindaye hupiga kelele, na ashindwaye hunyamaza. Mmoja akipata, kijiji kizima husikia. Mia waliopoteza hurudi nyumbani usiku, na mke huambiwa kwamba fedha ya pamba haijalipwa bado. Hatuwaiti watu hawa wajinga. Wengi wao wana deni, au mvua imewanyima, au bei imeshuka, nao watafuta mlango. Shetani hapendi kumjaribu mtu aliyeshiba. Huja na jiwe na kusema kwamba laweza kuwa mkate.

Sasa tulisikilize Neno la Mungu. Dr. Martin Luther, katika Katekisimo Ndogo aliyoitoa mwaka 1529, atufundisha kwamba amri ya saba haikatazi tu kunyang'anya mali ya jirani kwa mkono. Yakataza pia kujipatia mali yake kwa bidhaa mbaya na kwa biashara ya hila. Tena yatuagiza kumsaidia jirani ailinde mali yake na kuiongeza. Ipimeni kamari kwa kipimo hicho. Je, nyumba ya kamari yamsaidia jirani kulinda mali yake? Na mchezaji je? Yeye naye ashindapo, amechukua fedha ya nani? Amechukua ya kijana mwingine aliyekosa, baada ya nyumba kukata sehemu yake. Ombi la mcheza kamari, akilisema kwa kweli, ni hili: Bwana, mwingine apoteze ili mimi nipate. Twaweza kuliomba ombi hilo katika jina la Yesu?

Watu watatuambia, "Lakini katika Biblia kura zilipigwa." Ndiyo. Mitume walipiga kura, nayo ikamwangukia Mathiya (Matendo 1:26). Lakini mitume hawakuweka dau, wala hakuna aliyetoka pale amepungukiwa na chakula cha watoto wake. Waliiweka kura mikononi mwa Mungu ili wajue mapenzi yake. Mcheza kamari aiweka kura mbele ya Mungu ili apate mapenzi yake mwenyewe. Nabii Isaya (65:11) aliwakemea watu waliomwacha Bwana na kuiandalia Bahati meza. Meza ile ingaliko. Mtu aketiye penye meza ile usiku kucha, akitumaini, akiogopa, akitoa sadaka yake tena na tena, huyo yu katika ibada, ingawa hajui. Na mungu aabuduye hana masikio.

Iko pia kura nyingine. Askari wa Rumi walikaa chini ya msalaba wakaipigia kura kanzu ya Bwana wetu (Yohana 19:23-24). Fikirini, ndugu. Juu yao wokovu wa ulimwengu ulikuwa ukitolewa bure, nao walitazama chini, kuona nani atapata vazi. Mmoja wao aliondoka na kanzu, akajiona amebahatika. Hivyo ndivyo kamari imfanyavyo mtu: humwinamisha macho, hata asione alichopewa.

Basi tufanye nini? Kwanza, waalimu na wainjilisti wasiishie kusema, "Kamari ni dhambi," na kukaa. Wawaonyeshe vijana hesabu hizi, kwa chaki na ubao, katika darasa la kipaimara. Kijana aliyekwisha kuona mizani ilipoinama hatadanganywa kwa urahisi.

Pili, usharika usitafute fedha ya kujenga kwa njia ya bahati nasibu. Tukifanya hivyo, mahubiri yetu ya Jumapili yatabomolewa na tiketi zetu za Jumatatu. Sadaka ni kutoa ukijua kwamba umetoa.

Tatu, mtume Paulo awaagiza wezi wa zamani waache wizi, wafanye kazi kwa mikono yao, ili wapate cha kumgawia mhitaji (Waefeso 4:28). Angalieni, kazi haikuishia katika tumbo la mfanya kazi. Ilifika kwa mhitaji. Na Mithali 13:11 yasema kwamba mali ya haraka hupungua, lakini akusanyaye kidogo kidogo huongezewa. Nyumba ya kamari yaijua siri hiyo ya haba na haba kuliko sisi; kwa haba zetu yajaza kibaba chake. Tuichukue siri hiyo tuirudishe nyumbani. Shilingi 2,000 ya kila juma ikiwekwa katika kikundi cha kuweka na kukopeshana, mwisho wa mwaka ni zaidi ya 100,000. Yatosha kununua mbuzi, au daftari na sare za watoto.

Nne, twawaandikia ninyi ambao mmekwisha kunaswa. Mwajua wenyewe. Msingoje kurudisha kwanza fedha iliyopotea ndipo mtubu; maana kuitafuta fedha iliyopotea ndiyo kamba iwavutayo kurudi mezani. Fedha ile imekwenda. Mwambie mke wako, au mwambie mumeo, kweli yote leo. Mpe mwenzako mwaminifu atunze fedha yako kwa muda. Ifute michezo ile katika simu. Nenda kwa mchungaji, ungama, usikie maneno ya ondoleo. Nanyi mlio nyumbani, mtu huyu ajapo na kuungama, msimpige kwa maneno. Kuna nyumba nyingine iliyo wazi kumpokea mchana na usiku, nayo humwita kwa jina lake. Ikiwa nyumba yake mwenyewe imefungwa, atakwenda wapi?

Bwana wetu hakuwa na mizani yenye hila. Alipotulipia, hakulipa nusu na kubaki na sehemu yake. Alitoa vyote, na waliopokea walikuwa hawakuweka dau lolote. Neema yake haipatikani kwa bahati, wala haimpati mmoja katika mia na kuwaacha tisini na tisa. Yeye ndiye awaachaye tisini na tisa ili amfuate yule mmoja aliyepotea, hata kama alipotelea penye meza ya karata.

Mungu Baba, mwenye kipimo cha kweli, atupe mkate wetu wa kila siku, na mioyo ya kushukuru kwa huo, na mikono ya kuumegea jirani. Amina.